Mtani Aliyevaa Kofia ya Kondo

Chungu changu kiko motoni!

— Kifunike!

Kinafoka!

— Kifunue!

Nifunue nusu au nifunue chote?

— Chote, bibi, tule!

Haya, sogeeni. Najua wapo wanaosema kwamba anayesimulia ngano jua likiwa bado juu huota mkia. Mimi nimesimulia mchana miaka sitini. Aliyeuona mkia wangu anyooshe mkono. Hakuna? Basi endeleeni kumenya karanga, na mikono isisimame. Atakayekula zaidi kuliko anavyomenya, nitamtia kwenye hadithi.

Zamani, kabla bibi yangu hajazaliwa, na kabla bibi yake hajajua kusema uongo, palikuwa na kijiji kikiitwa Kinyungu. Watu wake walikuwa wafinyanzi. Wanaume wanachimba udongo mtoni, wanawake wanafinyanga, watoto wanakanyaga. Ukifika Kinyungu unakuta vyungu mlangoni, vyungu uani, vyungu mpaka chini ya kitanda.

Na Kinyungu walikuwa na watani wao. Watu wa Vilimani, wafugaji, watu wa maziwa na samli. Mtani mnamjua? Mtani anaingia kwako bila hodi, anamkamata kuku wako, anakwambia una pua mbaya, na wewe unacheka. Ukikasirika umeshindwa. Watu wa Vilimani waliwaita wa Kinyungu wala udongo. Wa Kinyungu waliwaita wa Vilimani walala na ng'ombe. Wakapendana hivyo hivyo, tangu babu wa babu.

Lakini kazi kubwa ya mtani haikuwa kuiba kuku. Ilikuwa msibani. Mtu akifa Kinyungu, mtani wa Vilimani anakuja, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anaomba ugali kama marehemu alivyouomba. Wafiwa wanalia, halafu wanacheka, halafu wanalia na kucheka pamoja. Hapo ndipo msiba unapokwisha. Siyo kaburini. Hapo.

Mmeshika? Haya, lishikeni hilo, msije mkaniuliza baadaye.

Palikuwa na mama mmoja Kinyungu, Bi Mwantumu, fundi wa vyungu, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili kichaa. Mumewe aliitwa Kondo. Kondo alikuwa na kofia nyekundu, alichechemea mguu wa kushoto, na alicheka kwa kila kitu. Walikuwa na binti mmoja, Mwahija.

Masika moja Kondo alikwenda mtoni kuchimba udongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Ukingo wa mto ukaporomoka ukamfunika. Watu walichimba, walichimba, walichimba. Walimpata, lakini hawakumpata mzima.

Watani wa Vilimani wakasikia. Wakaja mbio, wakiongozwa na mama mmoja mnene, mwenye mwanya, aliyeitwa Kabula. Wakafika kwenye kichuguu kilicho kwenye njia ya kuingilia kijijini. Wakamkuta Jumbe Pazi, mkuu wa Kinyungu, amesimama na fimbo.

"Rudini," akasema Jumbe. "Msiba huu ni mzito. Leo sitaki mzaha."

"Jumbe, msiba mwepesi hauhitaji mtani," akasema Kabula. "Mzito ndio wetu."

"Nimesema rudini!"

Wakakaa pale kichuguuni mpaka jua likashuka. Hawakuitwa. Wakarudi.

Jumbe hakuwa mtu mbaya. Kondo alikuwa rafiki yake wa utotoni, na yeye mwenyewe alilia mpaka sauti ikakauka. Lakini alikosea. Na kosa la jumbe, wanangu, hulipwa na kijiji kizima.

Matanga yakaisha. Siku ya nane jirani akapita kwa Bi Mwantumu. "Umeamkaje, mama?" Kimya. Akadhani amechoka. Kesho yake, kimya. Mwezi, kimya. Mwaka, kimya. Mwaka wa pili, kimya. Bi Mwantumu alipika, alifagia, alifinyanga, lakini neno halikutoka. Mdomo ule mkali ukafungwa kama mlango wa mtu aliyesafiri.

Wakaletwa waganga. Wa kwanza alisema ni pepo, akamfukiza ubani. Pepo hakutoka, mbu walitoka. Wa pili alisema ni koo, akamnywesha mwarobaini. Uso ulikunjamana, mdomo haukufunguka. Wa tatu alisema hili linataka beberu mweusi. Akapewa beberu, akamla, akaenda zake.

Nini? Alikuwa na nini? Alikuwa na neno ndani, mwanangu. Neno moja. Nitakwambia, usinikimbize. Menya karanga.

Sasa tabu ikaja. Mwahija akaposwa na kijana wa kijiji cha jirani, Chande, na wale wawili walipendana, usiniulize, ukiwaona tu ulijua. Lakini Kinyungu kulikuwa na mila. Mwali havuki kizingiti mpaka mama yake mzazi amwite jina mara tatu. Wito wa kwanza, akaoge. Wa pili, avae. Wa tatu, atoke. Mama asipoita, mwali hatoki. Na mama huyu haiti.

Chande alikuja mara ya kwanza na ngoma mbili. Watu wakasimama mlangoni. Bi Mwantumu akafungua mdomo. Ukatoka upepo. Akaufunga, akaingia jikoni. Ngoma zikarudi.

Chande akaja mara ya pili na ngoma nne. Safari hii shangazi yake Mwahija akajificha nyuma ya mlango, akaita kwa sauti ya kubana pua, "Mwahijaaa!" Bibi yake Chande akainua kidole. "Huyo ni shangazi. Namjua, nimemsikia akigombana sokoni." Ngoma zikarudi.

Wazee wa Chande wakatuma ujumbe. "Tunakuja Ijumaa, jua likiwa utosini. Hii ni mara ya tatu. Tukirudi mikono mitupu, kijana wetu ataoa kwingine."

Mwahija akalia. Alimpenda Chande, na alimpenda mama yake, na hakujua amlilie nani. Bi Mwantumu alimsikia mwanawe akilia. Alikaa nje akifinyanga, na machozi yake yakadondokea kwenye udongo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini neno, wapi!

Ijumaa ikafika. Asubuhi, nani huyo anakuja njiani na kibuyu cha samli kichwani, akiimba ovyo? Kabula! Yule mnene mwenye mwanya. Jumbe Pazi akamwona, akakimbilia kichuguuni na fimbo yake.

"Wewe! Leo umefuata nini?"

"Nimekuja kumalizia msiba."

"Msiba? Leo ni harusi!"

"Ndiyo maana nimekuja leo," akasema Kabula. "Harusi haiingii nyumba ambayo msiba haujatoka. Ngoma zimerudi mara ngapi, wee mla udongo?"

Jumbe akafikiri. Akahesabu waganga watatu na beberu mmoja. Akashusha fimbo. "Pita," akasema kwa sauti ndogo. "Ningepaswa kukuambia pita miaka miwili iliyopita."

"Miaka miwili iliyopita nilikuwa mwembamba kuliko leo, ningepita vizuri zaidi," akasema Kabula, akampiga kikumbo, akapita.

Akafika kwa Bi Mwantumu, bila hodi. Akaokota chungu kimoja uani ili amimine samli. Akajaribu kuingiza mkono akifute vumbi. Mkono haukuingia. Akaokota kingine. Haukuingia. Cha tatu, vidole viwili tu. Vyungu vyote alivyofinyanga yule mama kwa miaka miwili vilikuwa vizuri, vya duara, na midomo yake ilikuwa midogo kiasi cha kupita panya mchanga.

"Mtani wangu," akasema Kabula, "vyungu hivi mtu ataoshaje?"

Bi Mwantumu akainamisha kichwa, akaendelea kufinyanga.

Kabula akaingia ndani. Akatoka amevaa kanzu ya Kondo, imembana tumboni. Akatoka na jembe la Kondo begani. Akatoka na kofia nyekundu ya Kondo, ile ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa miaka miwili. Watu wakashika vinywa. Mwahija akachungulia dirishani. Habari ikaruka, na kabla hujamaliza kusema Kinyungu, ua ulikuwa umejaa.

"Mimi ndiye Kondo!" akasema Kabula kwa sauti nzito. "Nimerudi. Huko ahera ugali wao hauna chumvi." Akaanza kutembea akichechemea mguu wa kulia.

"Siyo huo!" watoto wakapiga kelele. "Wa kushoto!"

"Mimi ndiye Kondo, najua mguu wangu!" Akazidi kuchechemea wa kulia, huku tumbo likitangulia. Watu wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kwa woga, kama mtu anayejaribu maji ya mto kwa kidole. Bi Mwantumu hakucheka. Lakini mikono yake ilisimama kwenye udongo.

Kabula akaketi, akajifanya ana bakuli. "Mke wangu, niongezee mlenda! Mimi Kondo napenda mlenda kuliko kitu chochote. Asubuhi mlenda, mchana mlenda, hata ndotoni mlenda."

Kijiji kizima kilijua kwamba Kondo alichukia mlenda kama paka anavyochukia maji. Bi Mwantumu akainua kichwa. Akavuta hewa. Akasonya.

Alisonya, wanangu! Msonyo mrefu, ungeweza kuanika kanga tatu juu yake. Ilikuwa sauti ya kwanza kutoka kwenye kinywa kile kwa miaka miwili. Shangazi akataka kupiga vigelegele, Jumbe akamziba mdomo.

Na kule mbali, sikilizeni, ngoma. Ngoma sita. Chande anakuja, na jua linapanda.

Kabula akazisikia. Akasimama, akakunja uso. "Sasa," akasema, "ni ile asubuhi ya mwisho. Mke wangu anapiga magoti mlangoni, analia, Kondo mume wangu usiende! Na mimi Kondo, mtu katili, mtu wa ngumi, namwambia ondoka hapa, mwanamke! Namsukuma, anaanguka, pu!"

"MWONGO!"

Nani kasema? Nani kasema hapo?

Bi Mwantumu amesimama. Udongo mpaka viwikoni. Macho yanawaka.

"Mwongo mkubwa wewe, mlala na ng'ombe! Kondo hakunisukuma! Kondo hakuwahi kuninyooshea mkono maisha yake yote! Ivue hiyo kofia ya mume wangu!"

 

"Kumbe ilikuwaje?" akauliza Kabula, taratibu.

"Sikupiga magoti. Sikulia." Sauti yake ilikuwa na kutu, ilikwaruza. "Yeye alikuwa mwema. Mbaya ni mimi. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulisema nini? Usiniambie. Nionyeshe. Kizingiti kile. Simama pale uliposimama. Mimi Kondo nakwenda mtoni, jembe begani."

Bi Mwantumu akaenda kizingitini. Kabula akampa mgongo, akaanza kutembea, safari hii mguu wa kushoto, taratibu, sawasawa kabisa. Na yule mama akaona kofia nyekundu inaondoka. Neno likapanda kutoka tumboni, likapita kifuani, likafika.

"Nenda! Na usirudi bila udongo!"

Akajifunika uso. "Hilo ndilo. Nilimwambia usirudi. Naye hakurudi. Ulimi huu ndio uliomuua mume wangu. Nikasema ulimi unaoua usiseme tena. Nikimwita mwanangu jina, na yeye atapatwa na nini?"

Mmelisikia? Hilo ndilo neno. Alilifunika peke yake miaka miwili. Na sisi wengine tulikuwa tukisema mama yule ana pepo. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwahija alikuwa akilia dirishani. Jumbe alikuwa akilia uani. Lakini Kabula hakulia. Alikuwa bado amesimama njiani, jembe begani, amekunja uso.

"Mimi nikajibu nini?" akauliza.

"Nini?"

"Mimi Kondo. Umeniambia usirudi bila udongo. Nikajibu nini? Nimesimama hapa kama mti, jua linaniunguza. Mke wangu, nipe maneno yangu."

"Sikumbuki."

"Anza tena."

"Nenda, na usirudi bila udongo!" Kabula akasimama, akageuka. "Nikafanya nini?"

"Uligeuka hivyo hivyo," akasema Bi Mwantumu. "Ulicheka. Ulisema... sikumbuki."

"Anza tena."

Mara ya tatu. "Nenda, na usirudi bila udongo!" Kofia ikageuka. Kabula akacheka kicheko cha Kondo, kile cha kutikisa mabega. Na Bi Mwantumu akaona, akasikia, akakumbuka. Uso wake ukafunguka.

"Alisema, nisipoupata, utanifinyanga mimi!"

"Alisema hivyo siku ile tu?"

"Kila siku! Mimi nilisema langu, yeye alisema lake. Kila asubuhi, tangu tulipooana."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Na kila siku alirudi?"

"Kila siku."

"Ila siku moja, mvua iliponyesha siku tatu na ukingo ukalainika." Kabula akashusha jembe. "Mtani wangu, unajisifu bure. Ulimi gani huo wa kuua, unajaribu kila asubuhi miaka ishirini, unapata mara moja? Mtego wa panya wa mtoto mdogo ungekushinda! Ungeuza mdomo wako sokoni kama silaha, ungerudishiwa!"

Bi Mwantumu akamtazama. Midomo ikatetemeka. Tukadhani analia. Akacheka! Alicheka mpaka akaketi chini, akalia akiwa anacheka, akacheka akiwa analia, na ua mzima ukalia na kucheka naye. Jumbe Pazi alikaa mavumbini, fimbo huko, akisema, "Kondo, rafiki yangu, mlenda, Kondo!" Na hapo, wanangu, ndipo Kondo alipozikwa.

Ngoma sita zikaingia uani. Chande mbele, bibi yake nyuma, kidole tayari. Wakakuta kijiji kizima kina machozi na mwanamke mnene amevaa kanzu ya mwanamume. "Kuna nini hapa?" akauliza bibi. "Msiba au harusi?"

"Msiba umetoka sasa hivi," akasema Kabula. "Hamkupishana nao njiani?"

Bi Mwantumu akasimama. Akapangusa udongo. Akasogelea mlango.

"Mwahija!"

Mwali akaenda kuoga, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Mwahija!"

Mwali akavaa. Bibi yake Chande akatega sikio, akashusha kidole. "Huyo ndiye mama," akasema.

"Mwahija mwanangu!"

Mwali akavuka kizingiti. Hayawi hayawi, yakawa! Chande aliruka, ngoma zikaruka, shangazi akaruka mpaka kilemba kikadondoka.

Jumbe akamvuta Kabula pembeni. "Ulijuaje yale yote?"

"Sikujua hata moja," akasema Kabula, akijipepea kwa kofia. "Mtu ukimbembeleza anaweza kunyamaza. Ukimtukana anaweza kunyamaza. Lakini ukisimulia vibaya habari zake, hasa za mpenzi wake, hawezi. Lazima ainuke akusahihishe."

Bi Mwantumu akaja akaichukua kofia mkononi mwake. Akaikung'uta, akaivaa mwenyewe. "Kanzu baki nayo," akasema. "Umeshaipasua kwa tumbo."

Harusi ikaanza kuondoka. Mwahija akafika kwenye kichuguu, akageuka kumwangalia mama yake. Bi Mwantumu alikuwa amesimama kizingitini na ile kofia nyekundu. Akaweka mikono kiunoni, kama zamani.

"Nenda!" akaita. "Na usirudi bila..."

Ngoma zikanyamaza. Watu wakashika vifua.

"...bila mjukuu!"

Na Mwahija, mtoto wa baba yake, akacheka mabega yakatikisika. Akajibu kutoka kule kule kichuguuni:

"Nisipompata, utamfinyanga mwenyewe!"

Tangu siku hiyo vyungu vya Kinyungu vina midomo mipana. Mtani akipita, huingiza mkono kwanza mpaka kiwikoni, ndipo anapoiba kuku.

Na mimi nilikuwepo. Nilipewa mlenda, nikaukataa kwa heshima ya Kondo. Wewe unayetafuna hapo nyuma, nimekuona. Zimebaki karanga ngapi?

Chungu changu kimeiva!

— Kipakue!

Mdomo wake mpana?

— Mpana, bibi, mkono unaingia!

Basi, mwenye neno chunguni alipakue. Mimi langu nimeshalipakua.